Skepwright wa Mwisho na Nyuki Walioambiwa Amekufa

Hiki ninachokuandikia hutakiamini, wala sitakulaumu. Hata kasisi wetu, ambaye anatusomea juu ya mtu aliyemezwa na nyangumi akatapikwa mzima na hatingishi hata nyusi, alinisikiliza mpaka katikati akasema, "Ambrose, nenda kalale." Mimi si mtu wa kulala. Mimi ni Ambrose Odling, mchinja nguruwe wa Haverthorpe, mwenye mkono mwepesi kuliko wote kati ya vilima hivi na bahari. Nguruwe wenyewe wangekuwa na kinywa wangenisifu. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu aliona nimeshamzidi. Yeye alikuwa na maelezo mengine, lakini alishakufa, hawezi kubisha. Kijiji kizima kinaniita Mjomba, hata wale ambao hatuna undugu wowote. Na nikiandika husoma kwa sauti kila neno, maana neno lisilosikika ni kama nyama isiyotiwa chumvi.

Habari hii ni ya Keziah Skepwright na jina lake. Tena ni ya jina zaidi kuliko mtu, kwa sababu ni jina hilo lililotaka kumuua.

Skepwright. Jaribu kulitamka na mkate mdomoni uone. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaeleza watu baani kwamba jina hili lililetwa na shujaa mmoja aliyevuka bahari pamoja na mfalme, juu ya farasi mweusi, akapewa vilima vyote unavyoviona kwa sababu ya ushujaa wake. Nina haki ya kulieleza, maana mama yangu alizaliwa Skepwright kabla hajaolewa na baba yangu akateremka cheo. Siku Keziah alipoyasikia maelezo yangu alinijia mpaka uani kwangu.

"Ambrose, huyo farasi umemtoa wapi?"

"Yumo kwenye damu, Bi Keziah."

"Babu zetu hawakuwa na farasi. Walikuwa na kigoda, na makalio ya kukalia kigoda. Walisokota majani."

Na kweli ndivyo. Skep ni mzinga wa nyuki wa zamani, kapu la mabua lililofunikwa kifudifudi kama kofia ya mtu mnene. Wright ni fundi. Basi Skepwright ni fundi makapu ya nyuki, hakuna farasi wala mfalme. Zamani hizo, kasisi akimwita Skepwright kanisani, nusu ya viti vilikuwa vinainuka. Kisha ikaja mizinga ya mbao, ile ya masanduku, na makapu yakakosa wa kuyanunua. Vijana wakaenda Hull kutafuta kazi melini. Mabinti wakaolewa na akina Odling. Vita vikuu vya kwanza vikaja, na ukienda leo kwenye lile jiwe la njia panda lenye majina ya waliokufa, ukifika kwenye herufi yao utawakuta wamejipanga mmoja chini ya mwingine kama watu walio foleni ya mkate. Jina likabaki limening'inia kama koti la marehemu kwenye msumari. Baada ya vita vya pili alibaki Keziah na kaka yake Reuben. Reuben akafa. Keziah hakuolewa. Na kwa kuwa Keziah hana simu, hata kile kitabu kikubwa cha majina pale posta hakina Skepwright hata mmoja.

Sasa nyuki. Kwetu nyuki wa nyumba huambiwa mambo ya nyumba. Harusi wanaambiwa, mtoto akizaliwa wanaambiwa, na mtu akifa wao ndio wa kwanza kuambiwa, kabla ya kasisi na kabla ya daktari. Mtu anachukua ufunguo wa mlango mkubwa, anagonga kila mzinga, anataja aliyekufa kwa jina, kisha anawatajia bwana wao mpya. Anafunga kitambaa cheusi. Siku ya mazishi wanaletewa keki na bia kidogo kama wafiwa wengine. Wasipoambiwa wanahama, au wanamchukua mwingine wa nyumba ile. Kwa hiyo mtu mwema hachelewi kuwaambia.

Enid Maltby ni mtu mwema, na wema wake una mbio.

Ilikuwa Mei, matofaa yamechanua. Sukari ilikuwa bado inagawiwa kwa kadi tangu vita, kwa hiyo asali ya Keziah ilikuwa na heshima kuliko halmashauri. Keziah alikuwa ametoka kwa daktari wa macho mjini Louth, akatiwa dawa, akaambiwa akae gizani. Akarudi kwake, akashusha mapazia yote, juu na chini, mpaka ya sebule ya mbele, akalala. Mtu wa kwetu hashushi mapazia ya mbele jua likiwa linawaka, ila kwa jambo moja tu, msiba. Enid, jirani wa ukuta kwa ukuta, akayaona. Akagonga mlango. Keziah ana sikio moja lililokufa, na alikuwa amelalia lile zima. Enid akalia kidogo, akajipangusa, akachana aproni yake nyeusi vipande vipande, akachukua ufunguo uliotundikwa bandani, akaenda bustanini.

Mimi nilikuwa naleta soseji. Nimesimama langoni na pai mdomoni, ndipo nikamsikia.

"Nyuki wadogo, nyuki wadogo, bibi yenu amekufa. Keziah Skepwright amekufa."

Akagonga mzinga wa mwisho. Dirisha la juu likafunguka.

"Nani amekufa?"

Enid akadondosha ufunguo. "Wewe," akasema.

"Nimekufa lini?"

"Leo asubuhi, Bi Keziah. Mapazia yame..."

"Ni dawa ya macho, Enid. Nimetiwa dawa ya macho." Kisha akakodoa na macho yake yaliyojaa dawa, akaona vitambaa vyeusi juu ya mizinga. Nimewatazama nguruwe wengi katika saa yao ya mwisho, lakini sijaona uso ukibadilika kama ule. Akauliza taratibu, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote."

"Kwa jina?"

"Kwa jina lote," Enid akasema, akakaa kwenye majani.

Tukasikiliza. Mizinga ya Mei huvuma kama kanisa lililojaa watu wanaomsubiri bibi harusi. Siku ile ilikuwa kimya. Nyuki walikuwa wametoka, wamesimama milangoni mwao safu kwa safu, wametazama nyumba.

Utaniuliza kwa nini hatukurudi tu tukawaambia ni makosa. Nyuki hadanganywi. Na ukimwendea ukamwambia jana nilikudanganya, umemwambia mabaya mawili badala ya moja. Kila mtu hapa anaijua habari ya kibarua wa shamba la ng'ambo ya kilima, aliyewaambia nyuki kwa mzaha kwamba bwana wake kafa. Kabla maua hayajarudi mitini, bwana yule alikutwa chini ya mkokoteni wake mwenyewe, kwenye barabara iliyonyooka, farasi ametulia anakula majani. Neno likishaingia mzingani linatafuta namna ya kuwa kweli. Lina mwaka mmoja, kutoka maua hadi maua.

Wiki ileile kijiji kikaanza kumzoea kama marehemu. Mwuza mikate akawa anauacha mkate wake juu ya ukuta, asimpe mkononi. Wanawake wakawa wanateremsha sauti akiingia dukani. Cuthbert Sowerby, mchimba makaburi, Keziah alimkuta makaburini amechuchumaa mbele ya jiwe la Reuben. Chini ya jina la Reuben mchonga mawe aliacha nafasi tupu ya mtu wa pili, kama desturi.

"Cuthbert, unapima nini?"

"Nyasi, Bi Keziah. Naona zimekua."

"Kwa rula?"

Cuthbert akaificha rula mfukoni, ikatokeza. "Zimekua sana," akasema.

Keziah alicheka alipotusimulia, lakini chai yake hakuimaliza. Kiangazi kizima nyuki walikuwa wanaingia ndani kwake. Hawakuuma wala kuvuma. Walitembea tu juu ya kioo cha dirisha, juu ya unga alioukanda, juu ya mto wa kitanda mahali kichwa kinapolala, kama watu waliokuja kutazama nyumba wanayotaka kuhamia. Asali ya mwaka ule ilitoka nyeusi, nyepesi kama maji ya chai. Hakuna aliyethubutu kuila. Mimi niliionja, kijiko kizima, mbele ya mashahidi. Ilikuwa haina utamu wowote.

Enid ndiye aliyekonda. Kila siku alipeleka keki kwa Keziah, na kila siku alirudi na macho mekundu. Siku moja alinijia kiwandani kwangu, nimening'iniza nguruwe nusu, akasimama mlangoni akiusokota mkoba wake.

"Mjomba Ambrose, bibi yangu aliwahi kuniambia kitu. Kwao nyuki waliambiwa Maltby amekufa, naye hajafa. Hakuchukuliwa yule. Alichukuliwa binamu yake, Maltby wa Grimsby, mtu wa samaki, hata mzinga hakuwa nao. Nyuki hawajui sura. Wanajua jina."

"Maltby wapo wa kumwaga, Enid. Nikitema mate hapa nampata Maltby. Skepwright ni mmoja."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema. "Mwenye jina la watu wengi ana pa kujificha. Yeye hana."

Nikadhani yameisha. Sikujua kwamba Enid alikwenda moja kwa moja posta akatia tangazo kwenye gazeti lile linalofika hadi Hull: yeyote aitwaye Skepwright, jamaa zake wa Haverthorpe wanamtafuta kwa habari njema.

Majani yalipoanza kuanguka, akashuka mtu kwenye basi. Mpaka rangi wa Hull, mtu mzima wa makamo, madoa meupe kwenye kucha, kofia mkononi, na binti yake mdogo amemshika koti. Jina lake Leonard Skepwright. Enid alimpokea kama bwana harusi, akaninong'oneza twende naye, maana peke yake anaogopa.

Keziah alipolisikia jina jikoni kwake alisimama akashika meza. Kisha akavuta kiti, akavuta cha pili kwa ajili ya mtoto, akakata mkate wa zabibu vipande vinene. Sijamwona mwanamke yule akiwa mchangamfu vile tangu Reuben afe.

"Bi Keziah," Leonard akasema, "mimi nimelibeba jina hili kama mzigo nisiojua kilichomo. Shuleni waliniita kila kitu ila lenyewe. Kuna aliyesema ni la Kijerumani. Vita vilipokuja nikavunjiwa madirisha, mke wangu ana mimba. Baba hakujua maana yake. Babu alijua, lakini alikufa melini. Nikasema siku moja nitampata mtu aniambie tu mimi ni nani."

Keziah alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia. Niliona neno limefika kwenye meno. Akauliza kwanza, "Umetujuaje, mwanangu?"

"Nimeona tangazo gazetini."

Keziah akamtazama Enid. Enid akalitazama birika la chai kana kwamba hajawahi kuona birika. Wakati huohuo nyuki mmoja akashuka kutoka darini, akatua kwenye mkono wa gauni la yule mtoto, akaanza kupanda taratibu kuelekea shingoni. Mtoto akacheka, akidhani anachezewa.

Keziah akamchukua nyuki kwa kidole na gumba, akamtoa nje, akafunga dirisha. Aliporudi sura ilikuwa nyingine.

"Skepwright wa Hull ni wengine," akasema. "Hatuna undugu. Majina yamefanana tu. Basi la kurudi halikai sana, usije ukalikosa."

"Lakini tangazo lilisema..."

"Tangazo lilikosea. Mpe mtoto mkate aliobakisha, ale njiani."

Leonard, ingawa ni mtu mwenye adabu zake, akavaa kofia humohumo ndani kwa jinsi alivyochanganyikiwa. Tukamsikia nje anamwambia mtoto kwamba si hapa, wamekosea nyumba.

Enid akaanza kulia. "Nilitaka kukuokoa."

"Kwa kunitafutia wa kufa badala yangu. Ana mtoto, Enid."

"Sikujua kama ana mtoto."

"Na kama angekuwa hana?"

Enid akaanza kukusanya vikombe. Mimi nilikuwa na jibu, ila mkate wa zabibu ulikuwa mdomoni.

Kesho yake nikavaa koti langu la mazishi, ambalo pia ndilo la harusi, nikaenda kwa Keziah na kichwa cha nguruwe kilichopambwa kwa majani. Mimi nikiamua jambo silizunguki.

"Bi Keziah, olewa na mimi."

Akakiangalia kichwa cha nguruwe, kisha mimi. "Ambrose, unanichumbia ukiwa na damu sikioni."

"Damu itafutika. Sikiliza akili ya mtu mzima. Ukiolewa unakuwa Odling. Nyuki watakuja kumtafuta Skepwright, watamkosa. Watarudi kwao. Nami ni mtu wa kuheshimika, nina meno yangu yote ya mbele."

Akacheka, mara ya kwanza kicheko cha kweli tangu Mei. Akanimiminia chai. Kisha akauliza, "Nikiwa Odling, wakinikosa, watakwenda wapi?"

Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Sema, wewe ndiye mwenye akili ya mtu mzima."

"Hull," nikasema.

"Hull. Kwa mpaka rangi na binti yake. Basi mimi nabaki Skepwright, Ambrose. Lile neno likija kumtafuta mtu, linikute mimi mlangoni."

Nikarudi nyumbani na kichwa changu cha nguruwe. Sitasema nilihuzunika. Mwanamke yule anakoroma, Enid anamsikia kupitia ukuta.

Majira ya baridi yakaingia mabaya. Theluji ilipolala mizinga ikaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Ukifunua unawakuta nyuki wamekufa wote, vichwa ndani ya vishimo vya nta, kama wamejificha wasione kitu. Keziah alikuwa anawazika kwa mikono yake, anarudi ndani, anakaa kwenye kigoda cha babu zake. Aliniagiza mabua marefu ambayo hayajapitishwa kwenye mashine. Akatoa kwenye kisanduku cha Reuben kipande cha pembe ya ng'ombe kilichokatwa kama pete, na sindano ya mfupa. Mabua unayapitisha ndani ya pembe yatoke unene mmoja, kisha unayashona kwa maganda ya miiba yaliyochanwa. Alikuwa hajawahi kushona hata moja. Alimwona babu yake akishona, basi. Vidole vilikuwa vinatoka damu.

"Unasokota nini tena, Bi Keziah? Siku hizi kuna masanduku."

"Kama jina letu ni la kufa," akasema bila kuinua kichwa, "life likiwa kazini."

Maua yaliporudi ulikuwa umebaki mzinga mmoja. Ukiweka sikio unasikia humo ndani mlio mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi asiitoe. Keziah akamwita Enid na mimi, akamuuliza Enid swali ambalo mwaka mzima hakuna aliyeliuliza.

"Siku ile ulipowaambia nimekufa, uliwaambia nani bwana wao mpya?"

Enid akatikisa kichwa. "Sikuwa na wa kumtaja. Hapakuwa na Skepwright mwingine."

"Ndiyo maana hawaendi wala hawakai. Wameambiwa msiba nusu. Hawajamwona maiti, hawajapewa mrithi. Basi tuwape msiba mzima kabla maua hayajaanguka. Utawaambia nyumba imefungwa, hakuna mrithi, waende wanakotaka. Jina liishie hapo."

"Na maiti?" nikauliza.

Keziah akaenda kwenye droo ya chini ya kabati. Kila mwanamke wa kwetu aliyetimiza umri ana droo hiyo: gauni jeupe la kuzikiwa, soksi nyeupe, na senti mbili kubwa za shaba za kuwekwa juu ya macho.

"Kama wanaamini nimekufa," akasema, "waje wahakikishe."

Cuthbert akakataa kuja mpaka alipoahidiwa kwamba hakuna atakayemwuliza habari za rula. Tulibeba meza ya jikoni hadi bustanini. Nasema tulibeba, ingawa kwa hakika niliibeba peke yangu, Cuthbert alikuwa amening'inia tu upande wa pili. Tukaiweka karibu na mzinga uliobaki, chini ya mtofaa mmoja wa zamani uliokauka. Kapu jipya alilolishona likawekwa upande wa kichwani. Maua ya matofaa yalikuwa yanadondoka kidogo kidogo hata bila upepo. Keziah akalala juu ya meza, mikono kifuani, senti machoni.

"Atakayesema neno nikiwa nimekufa," akasema, "nitamfufukia."

Kisha akanyamaza, na sikuipenda namna aliyonyamaza. Kifua hakikuonekana kupanda. Enid akasimama na ufunguo. Nyuki wakaanza kutoka.

Na saa hiyohiyo lango likalia. Alikuwa Leonard, na mtoto wake, wametoka kwenye basi. Mkononi ana pete ya pembe ya ng'ombe, sawasawa na ile ya Keziah, ameikuta kwenye sanduku la zana za babu yake. Binti yake aliota meno akiitafuna, na alama za meno zimo. Alikuwa amekuja kumwonyesha Keziah kwamba hakukosea nyumba. Akamwona Keziah amelazwa, mapazia yote ya nyumba yameshushwa nyuma yake. Kofia ikamtoka mkononi. Akapiga magoti kwenye nyasi akalia, si kilio cha adabu, kilio cha mtu aliyechelewa.

Hatukuweza kumwambia. Kundi lilikuwa limeshainuka. Nyuki wakazunguka juu yetu mara kadhaa, jua likafifia, kisha wakaelekea kwenye ule mtofaa mkavu. Mtu yeyote wa kwetu anajua: kundi likitua kwenye mti uliokufa, kuna kaburi litakalochimbwa. Wakaanza kujishika kwenye tawi, shada jeusi linalorefuka, na chini ya tawi lile alikuwa amesimama yule mtoto, ametazama juu, mdomo wazi.

Keziah hakuona. Alikuwa na senti machoni. Lakini alimsikia mtoto akisema, "Baba, wananitazama," na nikaona vidole vyake vinaachana pale kifuani. Akainua mkono mmoja, polepole sana, akaushusha kando ya meza ukabaki wazi, kiganja juu, kama mtu anayeita kuku. Nyuki wakaliacha tawi. Wakashuka juu yake. Kwanza kiganja, kisha gauni, kisha uso, hata senti hazikuonekana, mpaka juu ya meza hapakuwa na Keziah tena, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kinachotetemeka.

Tukasubiri sauti. Hapakuwa na sauti. Leonard akanyanyuka kutoka kwenye nyasi. Enid alijaribu kusema neno lake kwamba nyumba imefungwa, akaishia katikati, ufunguo mkononi. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusogea, na hapo ndipo mimi, Ambrose Odling, nilipovua koti, nikapita katikati ya nyuki wale, kila mmoja mkubwa kama shomoro, nikalikamata kapu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikaanza kuwachota kutoka usoni pake kiganja kwa kiganja, huku nikiwaambia kwa sauti ya mamlaka kwamba kuanzia leo bwana wao ni

"Wakubwa kama nini?"

Kama shomoro, Bi Keziah. Usinikate, nimefika patamu.

"Wewe ulikuwa ndani ya banda la nguruwe, umejifungia kwa ndani, na nguruwe yuko nje. Kapu alilishika Leonard. Ufunguo aliuchukua kwa Enid akaligonga kapu mwenyewe, akawatajia jina lake mwenyewe kuwa bwana wao mpya, wakaingia kapuni hadi wa mwisho, nami nikaamka. Andika hivyo. Jumapili anakuja na mtoto, na mtoto anajua kusoma."

Nitaandika. Lakini shomoro waache, maana walikuwa wakubwa kama

"Kama nyuki, Ambrose."